Tundu Dogo, Madhara Makubwa: Ijueni Risasi Inayochanua

Ninyi mnaoishi kando ya ziwa mnazijua habari za majambazi wanaovamia wavuvi usiku na kupora injini na nyavu. Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea wodini kijana mvuvi aliyepigwa risasi katika uvamizi kama huo. Ndugu zake waliona tundu dogo ubavuni, halikutosha hata kuingia ncha ya kidole, na damu ilitoka kidogo tu. Walimwosha kwa maji ya chumvi, wakamfunga kitambaa, wakasubiri kupambazuke.

Alipofika kwetu tumbo lilikuwa limejaa na kukakamaa kama ubao. Madaktari walipompasua walikuta ini limeraruka. Hatukuweza kumwokoa. Risasi iliyotolewa ilikuwa imechanua mbele kama uyoga. Mama yake alituuliza, "Tundu dogo vile limemuuaje mwanangu?" Leo tunapenda kulijibu swali hilo, maana jibu lake laweza kuokoa mwingine.

RISASI INAYOCHANUA NI IPI?

Risasi ya kawaida ya kijeshi ina kiini cha madini ya risasi, nayo hufunikwa kwa gamba gumu, mara nyingi la shaba, mpaka kwenye ncha. Gamba hilo huisaidia kutunza umbo lake. Risasi inayochanua hutengenezwa kwa makusudi iwe dhaifu mbele. Nyingine huachwa ncha bila gamba, madini laini yakiwa wazi. Nyingine huwekewa kishimo kwenye ncha.

Ikiingia mwilini, nyama na majimaji huisukuma ile ncha, gamba hupasuka na kukunjuka kuelekea nyuma. Yote haya hutokea kufumba na kufumbua. Risasi yaweza kufikia upana wa karibu mara mbili ya ule wa mwanzo. Lakini huchanua ikiwa imekwisha kupita kwenye ngozi. Ndiyo maana tundu la nje hubaki dogo.

Risasi iliyopanuka hupunguza mwendo haraka, na nguvu yake huiacha ndani ya mwili. Mara nyingi haitokei upande wa pili. Nguvu hiyo si ndogo: kasi ya risasi ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Nyama zilizo kando ya njia yake husukumwa kwa ghafla, kisha hurudi. Misuli na mapafu hunyumbuka kiasi. Ini, wengu na figo havinyumbuki vizuri, hivyo hupasuka. Na mfupa ukivunjika, vipande vyake huchana nyama iliyo karibu.

Msidhani kwamba risasi nyingine ni salama. Ile ya kijeshi yaweza kugeuka ubavu ndani ya mwili na kuchana sana. Gobole nalo hurusha vipande vya chuma, hata misumari. Kwa hiyo msipoteze muda mkiuliza ilikuwa risasi ya namna gani.

KWA NINI ILIKATAZWA VITANI?

Katika miaka ya 1890 Waingereza walitengeneza risasi za namna hii katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta huko India. Ndipo zikaitwa "dumdum". Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, Uholanzi, mataifa yalitoa tamko la kuzikataza katika vita baina yao, kwa kuwa huongeza mateso pasipo sababu. Mwaka 2010 jambo hili lilifika kando ya ziwa letu wenyewe: huko Munyonyo, Kampala, mkutano wa nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ulikubaliana kwamba kuzitumia katika vita vya ndani ya nchi pia kuhesabiwe kuwa uhalifu wa kivita.

Hata hivyo bado zinatengenezwa. Wawindaji huzitumia ili mnyama afe upesi. Polisi wa baadhi ya nchi huzitumia ili risasi isimpite mhalifu ikampata mtu mwingine. Kwa hiyo zikiibwa au kuuzwa kwa magendo, zaweza kumfikia jambazi.

MFANYE NINI?

1. Hakikisheni hatari imepita. Kisha mkagueni mwili mzima: mgongoni, kwapani, kwenye kinena. Matundu yaweza kuwa zaidi ya moja.

2. Gandamizeni jeraha linalotoka damu kwa khanga safi, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kuchungulia.

3. Damu ya mkono au mguu isipokoma, fungeni kitambaa kipana juu ya jeraha, si juu ya kiungo, mkaze kwa kijiti mpaka damu ikome. Andikeni saa mliyofunga. Msilegeze mpaka hospitali.

4. Tundu la kifua linalovuta hewa msilizibe kabisa. Mwacheni akae anavyoweza kupumua.

5. Utumbo ukitoka msiurudishe. Ufunikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu.

6. Msimpe chakula wala kinywaji. Mfunikeni blanketi, hasa mkiwa mtumbwini, maana aliyepoteza damu akipatwa na baridi hali yake huzidi kuwa mbaya.

7. Msichokonoe kutafuta risasi. Msitie majivu, mafuta ya taa, tumbaku wala kinyesi cha ng'ombe. Wengine husema joto la risasi huua vijidudu. Si kweli, risasi huingia na uchafu na nyuzi za nguo. Kwa hiyo sindano ya pepopunda ni ya lazima kufikiriwa.

8. Ondokeni mara moja, hata kama tundu ni dogo na mgonjwa anaongea. Mmoja wenu afuatilie PF3 polisi wakati majeruhi yuko njiani. Ndugu waje tayari kutoa damu.

Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Sengerema kusubiri kivuko wanapokwenda Bugando. Lakini ninyi wa Ukara na Kome bado mnahitaji chombo cha majini. Kubalianeni mapema katika jumuiya zenu: ni mtumbwi wa nani utakaotumika usiku, na mafuta yatatoka wapi?

RISASI IKIACHWA MWILINI

Wakati mwingine daktari huiacha risasi ndani. Huo si uzembe. Kuitafuta kwaweza kuharibu zaidi kuliko kuiacha. Ikiwa ndani ya kiungo, kama goti, huwa inatolewa, kwa sababu majimaji ya kiungo huyayusha madini yake, na hayo ni sumu. Rudini siku mtakazopangiwa.

Yule mama tulimjibu hivyo, naye akasema, "Laiti tungejua." Sasa ninyi mmejua. Waambieni na wale walioko kambini na visiwani.