Kuunganisha Pingili za Kiuno: Upasuaji Unaowafaa Wachache

Katika mtaa wa Mbotela, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, maumivu ya kiuno ni malalamiko yanayosikika karibu kila nyumba, kwa kuwa anayesukuma mkokoteni kutoka Muthurwa, anayebeba marobota ya mitumba Gikomba na anayebeba mtungi wa maji wa lita 20 wote hukitegemea kiuno hichohicho. Mengi ya maumivu hayo hupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini wapo wanaoumwa kwa miezi, wakapigwa picha ya MRI, kisha wakarejea nyumbani na bahasha yenye ripoti isemayo kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano imechakaa, na hapo jamaa huanza kuzungumzia upasuaji wa kuunganisha pingili na harambee ya kuugharimia.

Kiuno kina pingili tano zilizopangwa juu ya sakramu, yaani mfupa mpana ulio nyuma ya nyonga. Diski ni kile kilichopo baina ya pingili moja na nyingine, nacho ni ukanda mgumu wa nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka kama tairi, unaozingira kiini laini chenye maji mengi. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya diski haina mishipa ya damu, hivyo lishe yake hupenya polepole kutoka katika mifupa jirani, na ndiyo sababu ikishachakaa haijiponyi kwa wepesi. Kadiri miaka inavyosonga, kiini hukauka, diski hupungua kimo na ukanda hupata nyufa, hasa katika diski mbili za chini kabisa.

Hata hivyo, diski chakavu pichani si lazima iwe ndiyo inayouma. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, ulikadiria kwamba dalili za uchakavu huonekana kwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20 na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Tafiti za mapacha nchini Ufini nazo zilionyesha kwamba urithi huchangia uchakavu huo kuliko kazi nzito, jambo ambalo mbeba mizigo anayejilaumu kwa kazi yake anastahili kuambiwa waziwazi.

Upasuaji wenyewe ulianza mwaka 1911 jijini New York, ambako madaktari Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao haujatoweka Kenya na ambao daktari hana budi kuufikiria pale maumivu ya mgongo yanapofuatana na homa, jasho la usiku na kukonda. Katika njia inayotumika sana siku hizi, mgonjwa hulazwa kifudifudi akiwa amepewa dawa ya usingizi, skrubu za titaniamu hukazwa katika pingili za juu na chini ya diski, fito mbili hufungwa kuzishikanisha, kisha diski hukwanguliwa na nafasi yake kujazwa kizimba kidogo chenye vipande vya mfupa. Wengi hudhani kwamba skrubu ndizo zinazounganisha, ilhali kazi yake ni kutuliza pingili tu. Kinachounganisha ni mfupa mpya unaoota kwa miezi sita hadi kumi na miwili, na uvutaji wa sigara huuzuia usiote vizuri.

Je, maumivu huisha? Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2001, uliohusisha wagonjwa 294, uliona upasuaji ukishinda tiba ya viungo ya kawaida. Lakini tafiti za Norwei na Uingereza, ambazo zililinganisha upasuaji na mpango makini wa mazoezi pamoja na ushauri wa kumwondolea mgonjwa hofu ya kujisogeza, hazikuona tofauti ya maana. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa kitaifa wa Uingereza husema upasuaji huu usitolewe kwa maumivu ya kiuno pekee ila ndani ya utafiti. Kuuza shamba kwa sababu ya diski iliyokauka, basi, ni kujitoa mhanga kwa faida isiyo na uhakika. Wanaonufaika kwa dhahiri ni wale ambao pingili zao zimeteleza au hazitulii, au uti wao umevunjika, umepinda au umeliwa na maambukizi. Na maumivu yanayoteremka mguuni kwa sababu diski imebana neva mara nyingi huhitaji kipande hicho kuondolewa tu, bila kuunganisha chochote.

Mkazi wa Mbotela anaweza kuanzia kituo cha afya cha Makadara au cha Jericho, apelekwe Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kwa tiba ya viungo, na panapohitajika afike kwa wapasuaji wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Anapofika, aulize kinachothibitisha kwamba diski ileile ndiyo inayouma, aulize kama mazoezi yamejaribiwa kwa miezi ya kutosha, na aulize kiasi gani Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipa. Aelezwe pia kwamba pingili zikishaungana, diski za jirani huongezewa mzigo na huenda zikachakaa mapema. Asiyepaswa kungoja foleni hizi ni yule anayekufa ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kukojoa au ambaye miguu yake inalegea ghafla, kwa kuwa neva zilizobanwa hivyo huhitaji kufunguliwa haraka, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kupona kabisa.