Mkono Unaojua Duara: Somo la Kuchora kwa Watu Wazima katika Mwambao wa Kyela

Siku ya Jumamosi, ufukwe wa Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema, hujaa vyungu. Vingi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya maji ya Ziwa Nyasa na miteremko ya Milima ya Livingstone. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi, na ustadi wao unajulikana pande zote za kaskazini mwa ziwa kwa vizazi vingi. Mfinyanzi huuzungusha udongo kwa mkono, huinua ukingo wake kidogo kidogo, huulainisha, kisha hukipamba chungu kwa udongo wa rangi kabla ya kukichoma. Hana rula wala bikari, lakini mdomo wa chungu chake ni mviringo ulio sawa pande zote.

Sasa tumfikirie mfinyanzi mmoja wa namna hiyo, mwenye umri wa miaka 75, ambaye binti yake amemleta kliniki kwa sababu siku hizi amekuwa msahaulifu. Mhudumu anampa karatasi nyeupe na penseli, anamwambia kwa upole: “Bibi, nichoree uso wa saa, uweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.” Bibi hajawahi kushika penseli maishani mwake. Anaikamata kama anavyokamata kijiti cha kuchorea chungu, anaikandamiza, karatasi inachanika. Anaona haya, anairudisha. Katika fomu panaandikwa sifuri.

Je, kilichopimwa hapo ni akili ya bibi huyo, au ni ugeni wake na penseli? Swali hili ndilo linalotufanya, katika jarida la afya, tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona kuwa la starehe tu: madarasa ya kuchora na kupaka rangi kwa watu wazima.

Penseli na hukumu ya akili

Vipimo vingi vinavyotumiwa duniani kuchunguza demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kupita kiasi cha uzee wa kawaida, vina sehemu inayohitaji kuchora. Kipimo cha Folstein na wenzake, kilichochapishwa Marekani mwaka 1975, humtaka mgonjwa anakili pembetano mbili zilizoingiliana. Kipimo cha kuchora saa humtaka apange namba 12 ndani ya duara na kuweka mishale miwili. Kwa mtu aliyezoea kalamu, kushindwa kufanya kazi hizi huweza kuwa dalili yenye uzito, kwa sababu kuchora huunganisha kuona, kukumbuka, kupanga na kuuamuru mkono. Kwa asiyeizoea, kosa hilohilo laweza kuwa na maana nyingine kabisa.

Kunakili umbo karatasini ni desturi inayofundishwa. Aliyekwenda shule alijifunza, pengine bila kutambua, kwamba karatasi ina juu na chini, na kwamba mstari mwembamba husimama badala ya ukingo wa kitu. Saa nayo ina fumbo lake kwa msemaji wa Kiswahili. Tunachokiita saa tano huonyeshwa na mshale mfupi unaoelekea namba 11. Mtafsiri asiye makini akisema “saa kumi na moja na dakika kumi”, amekwisha kulibadilisha swali lenyewe. Na mzee asiyezoea saa ya ukutani, anayeuelekeza mshale mfupi kwenye namba 5 kwa kuwa ameambiwa saa tano, ameyafuata maneno aliyoambiwa kwa uaminifu wote.

Tatizo hili limekwisha kushughulikiwa hapa nchini. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliochunguza demensia miongoni mwa wazee wa miaka 70 na zaidi walitengeneza kipimo kifupi kinachojulikana kwa kifupisho cha IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Badala ya kumpa mzee penseli, kipimo hicho humtaka apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Njiti za kiberiti zimo katika kila jiko. Anayeshindwa kuzipanga hashindwi kwa sababu hakusoma.

Hilo ni suluhisho la upande wa kliniki. Upande wa pili ni wa elimu: kumpa mtu mzima nafasi ya kuizoea penseli mahali ambapo hakuna anayemhukumu. Lengo si kumfundisha mzee kufaulu kipimo, kwani kipimo kilichofanyiwa mazoezi hakipimi tena kitu. Lengo ni kumrudishia chombo ambacho alinyimwa utotoni, akitumie kwa haja zake mwenyewe.

Samaki aliyekauka

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo, ambayo wavuvi wa mwambao wanaielewa kuliko sisi, imewakatisha tamaa watu wazima wengi kuingia darasani. Lakini mkono wa mtu mzima si samaki mkavu. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam karibu mwaka 1968, akiwa na zaidi ya miaka 30, bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Alitumia vipande vya mbao za kuezekea dari na rangi ya mafuta inayouzwa dukani. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na vijana waliojifunza kwa kuketi kando yake waliuendeleza mtindo unaobeba jina lake hadi leo.

Tofauti kubwa kati ya mtoto na mtu mzima anayeanza kuchora ni aibu. Mtoto huchora bila kujali. Mtu mzima huujua uzuri wa kitu, kwa hiyo hukiona upesi kibaya alichokifanya. Sentensi ya kwanza katika madarasa ya namna hii huwa ni “mimi sijui kuchora”, na mara nyingi husemwa na mtu ambaye mikono yake husuka mikeka, hushona nyavu au huchonga makasia. Mwalimu mwema haanzi kwa kuikanusha sentensi hiyo. Huanza kwa kumwomba mwanafunzi aonyeshe anachokijua.

Macho kabla ya mkono

Lipo jambo la kitabibu ambalo mwalimu wa watu wazima hana budi kulichunguza kabla ya somo la kwanza. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake wa kujikunja, na vitu vya karibu huanza kuwa na ukungu. Utafiti uliofanywa vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na hali hiyo.

Maana yake ni kwamba katika darasa la watu wazima kumi wa umri huo, watano au sita huenda hawauoni vizuri mstari wanaouchora. Mwanafunzi wa namna hiyo huisogeza karatasi mbali, hukunja uso, huumwa kichwa, na baada ya siku chache haonekani tena. Mwalimu husema amekata tamaa; yeye mwenyewe husema hana kipaji. Kumbe alihitaji miwani ya kusomea tu. Kupima uoni wa karibu huchukua dakika chache, na mhudumu wa afya aliyepata mafunzo mafupi anaweza kuifanya kazi hiyo. Darasa la kuchora linaweza hivyo kuwa mahali ambapo tatizo la macho, lililofichika kwa miaka mingi, linagunduliwa kwa mara ya kwanza.

Kutoka mchangani hadi karatasini

Kwa mwambao wa Kyela, somo la kwanza halihitaji karatasi. Mchanga wa ufukweni ni ubao mpana usiogharimu kitu, na kosa lake hufutwa kwa kiganja. Mwanafunzi huchora kwa kidole, kisha kwa kijiti, mistari mirefu inayotokana na bega zima wala si vidole pekee. Mchoro mdogo humtaka mtu aviamuru vidole vyake kwa namna asiyoizoea. Mchoro mkubwa hutumia mwendo ambao mwili wake umekwisha kuujua shambani na ziwani.

Hatua ya pili ni mkaa juu ya karatasi kubwa au boksi lililokunjuliwa. Mkaa hauhitaji kukandamizwa, na hukubali kupanguswa. Penseli huja baadaye, mkono ukiwa umetulia. Vitu vya kuchora viwe vile vinavyojulikana: mdomo wa chungu unaoonekana kutoka juu, kisha chungu hichohicho kikitazamwa kutoka ubavuni, mtumbwi, mkungu wa ndizi, tunda la kakao lililopasuliwa. Hapo ndipo mfinyanzi hugundua kwa mshangao kwamba duara analolijua kwa kiganja, likitazamwa kwa ubavu, hugeuka kuwa umbo la yai. Hakuna kitabu kinachoweza kumweleza jambo hilo vizuri kuliko chungu chake mwenyewe.

Rangi nazo zipo karibu. Udongo mwekundu, chokaa na masizi, vikichanganywa na gundi, vinatosha kwa masomo ya mwanzo. Tahadhari ni moja: rangi za mafuta na vimiminika vya kuzimulia vitumike mahali penye hewa, mbali na chakula na watoto, na visihifadhiwe kamwe katika chupa za maji ya kunywa.

Picha ni ya nani?

Faida ya somo hili haiishii kwa mwanafunzi mmoja. Sekta ya afya hutegemea picha kila siku: mabango ya kunawa mikono, michoro ya dozi kwenye bahasha za dawa, vijitabu vya uzazi. Nchini Afrika Kusini, Ros Dowse na Martina Ehlers walilinganisha alama za picha za dawa zilizotungwa Marekani na zile zilizochorwa upya pamoja na wenyeji wenye elimu ndogo ya shule. Zilizochorwa na wenyeji zilieleweka zaidi. Picha ina lugha na lafudhi yake, na inaeleweka vizuri zaidi walengwa wanaposhiriki kuichora.

Tanzania ina kumbukumbu nzuri ya elimu ya afya iliyowashirikisha watu wazima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha kutoka na kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Waliofanikiwa ni wale waliotoka kwenye mjadala wakaenda kwenye tendo. Kuchora ni daraja zuri kati ya mambo hayo mawili.

Kyela ni bonde la mito: Songwe mpakani mwa Malawi, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mvua zikizidi, mafuriko huweza kuyachanganya maji ya vyoo na ya visima, na wilaya imewahi kukumbwa na milipuko ya kipindupindu. Mwaka 1854 daktari John Snow alizipanga alama za vifo juu ya ramani ya mtaa mmoja wa London, zikamsaidia kuonyesha kwamba ugonjwa ulitoka kwenye pampu ya maji. Kikundi cha watu wazima waliojifunza kuchora kinaweza kufanya jambo la jamaa hiyo kwa kitongoji chake: hapa nyumba, hapa choo, hapa kisima, na hivi ndivyo maji yanavyoelekea yakifurika. Ramani iliyochorwa na wakazi wenyewe haihitaji kufafanuliwa na mgeni, na ni vigumu kuikana.

Utulivu, si tiba ya miujiza

Msomaji anaweza kuuliza kama kuchora kunaponya. Tujibu kwa uangalifu. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake nchini Marekani waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kutengeneza sanaa. Kwa takriban robo tatu yao, kiwango cha kotisoli, homoni inayoambatana na msongo, kilishuka, na wasio na uzoefu wa sanaa walinufaika sawa na wenye uzoefu. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000, yakaonyesha kwamba sanaa zina nafasi katika kuzuia maradhi na kusaidia matibabu. Hakuna mahali ambapo penseli inachukua nafasi ya dawa.

Kwa mhudumu wa afya, basi, tunashauri maswali matatu kabla ya kumpa mzee karatasi ya kupimia akili. Je, alisoma, na kwa miaka mingapi? Je, anaona vizuri karibu? Je, mikono yake imezoea kazi gani? Jibu la swali la tatu liandikwe katika faili pamoja na alama. Endapo jibu ni ufinyanzi, anyooshewe njiti za kiberiti, au aulizwe kwanza, Bibi, chungu huanzia wapi? Namna atakavyopanga hatua za kazi yake, kutoka kuchimba udongo hadi kuuchoma, haitakuwa kipimo rasmi, lakini itamweleza tabibu mengi ambayo karatasi iliyochanika haikuweza kuyasema.