Marumaru Zinapolegea Juu ya Sakafu ya Mbao

Baadhi ya nyumba za zamani katika kata zetu zina ghorofa zenye sakafu ya mbao, na wamiliki wengine wameweka marumaru juu yake. Baada ya muda marumaru hulegea, hulia zikikanyagwa na hatimaye hupasuka. Fundi huitwa, huzirudishia kwa saruji, na miezi michache baadaye tatizo hujirudia. Mwananchi hulipa mara mbili kwa kosa lilelile.

Chanzo huwa ni mbao iliyo chini. Mbao huvimba wakati wa masika, husinyaa wakati wa kiangazi na hunepa chini ya uzito. Marumaru na saruji hazinepi, hivyo hubanduka.

Kabla ya kununua chochote, zingatia hatua hizi:

1. Gonga kila marumaru kwa sarafu. Inayotoa mlio wa uwazi imebanduka, itie alama.

2. Ondoa zilizolegea kwa patasi, kisha uchunguze mbao kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na sharti ibadilishwe. Bafuni, tafuta kwanza bomba linalovuja.

3. Kaza mbao kwenye boriti kwa skrubu. Misumari hulegea mapema.

4. Juu yake funga plaiwudi isiyoathiriwa na maji, ili sakafu isinepe.

5. Tumia gundi ya marumaru inayonyumbulika, iliyoandikwa kwenye mfuko kuwa inafaa kwa mbao. Mchanganyiko wa mchanga na saruji haufai.

6. Acha nafasi ya takriban milimita 6 kando ya kuta, ili mbao ipate pa kutanukia.

7. Subiri saa 24, au kama mfuko unavyoelekeza, kabla ya kuziba nafasi kati ya marumaru na kuruhusu watu kupita.

Ikiwa boriti zenyewe zimeoza, au sakafu imebonyea, msiendelee na ukarabati. Ondoeni watu na vitu vizito chumbani humo na katika chumba cha chini yake, kisha toeni taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kata ili mhandisi wa Halmashauri afike kukagua. Marumaru mpya juu ya boriti mbovu huongeza uzito na kuficha hatari.

Ndugu mwananchi, kabla ya kumlipa fundi, mwombe akuonyeshe hali ya mbao. Kinga ni bora kuliko tiba.