Chagua Vizuri Mahali pa Rundo la Mbolea

Wakulima wawili wa skimu moja waweza kuanza kutengeneza mbolea ya takataka siku moja, kwa njia moja. Baada ya miezi minne mmoja ana mbolea nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni. Mwenzake akifunua rundo lake hukuta mabua yale yale, yamelowa na yana baridi. Mara nyingi sababu ni mahali alipoliweka.

Takataka huozeshwa na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kama mifugo, navyo vyataka chakula, maji, hewa na joto. Vikitunzwa vizuri, katikati ya rundo hupata joto la digrii 55 hadi 65 za sentigredi, nalo huua mbegu nyingi za magugu. Baridi, mvua, jua na upepo huweza kuharibu kazi hiyo. Basi mkulima achunguze kwanza hali ya hewa ya shamba lake.

BARIDI. Kinangop na Ol Kalou ni nchi ya juu, zaidi ya meta 2,300 kutoka usawa wa bahari. Huko usiku mwingine huanguka sakitu, ile inayochoma majani ya viazi. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutulia bondeni. Kwa hiyo usiweke rundo bondeni, bali kwenye mteremko. Tena lisiwe dogo. Upana wake na kimo chake viwe kama meta moja na nusu, kwa kuwa rundo dogo hupoteza joto upesi.

MVUA. Maji mengi hufukuza hewa, na rundo huanza kunuka vibaya. Pia huosha chakula cha mimea na kukipeleka mtoni. Penye mvua nyingi, jenga rundo juu ya ardhi, chini ukitandika mabua makavu. Lifunike kwa nyasi, na uchimbe mfereji upande wa juu. Liwe mbali na kisima, tena chini yake.

JUA NA UPEPO. Mahali pa joto, kama Mwea wakati wa kiangazi, shida ni ukavu. Hapo tumia shimo lenye kina cha sentimeta 60, chini ya kivuli, na kila tabaka ulinyunyizie maji. Mvua zikikaribia, toa mbolea shimoni lisije likajaa maji.

KIPIMO. Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati ya rundo. Baada ya wiki moja ichomoe na kuishika. Ikiwa ina joto na unyevu, kazi yaendelea vema. Ikiwa ina joto lakini ni kavu, ongeza maji. Ikiwa ni baridi, imelowa na yanuka, pindua rundo ili hewa iingie, na uchanganye mabua makavu.

Mbolea iliyooshwa na mvua hubebwa kwa jasho lile lile, lakini mahindi hayapati kitu, na mwenye shamba hulazimika kununua mbolea ya dukani. Kabla hujakusanya takataka, zunguka shamba lako asubuhi, mchana na baada ya mvua. Uone baridi hukaa wapi, maji hupita wapi, na upepo watoka wapi. Ukiwa na shaka, mwulize Bwana Shamba wako.