Simu ya zahanati: 'Bure' isikudanganye, uliza nani ataitengeneza

Saa nane usiku mtoto anachemka kwa homa. Mama anayeishi Nkuhungu, Dodoma, anapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Imezimwa. Namba ni ya muuguzi, naye leo yuko mapumziko.

Tatizo kama hili huanza pale zahanati, duka la dawa au shule ya chekechea inapofanya simu ya mfanyakazi mmoja kuwa simu ya ofisi.

Ufumbuzi upo, na programu yake haiuzwi. Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu. Mzazi anapiga namba moja. Mapokezi wasipopokea, simu inahamia kwa aliye zamu. FreePBX huongeza kurasa za kubofya, ili mwenye ofisi asilazimike kuandika amri za kompyuta.

Lakini kitu cha bure nacho kinahitaji matunzo. Mwaka 2016 kampuni ya 3CX iliuchukua mfumo wa Elastix, na toleo lililofuata likaacha kutumia Asterisk. Juni 30, 2024, CentOS 7, mfumo endeshi uliokuwa chini ya FreePBX, ulifikia mwisho wa kupewa masahihisho ya usalama. Mtambo usiohamishwa unaendelea kuita kama kawaida, ila mlango wake uko wazi. Wezi wa mtandaoni hutafuta mitambo ya aina hiyo wapigie simu za nje ya nchi, na gharama humwangukia mwenye ofisi.

Kabla ya kufunga mtambo, mwenye ofisi amuulize fundi:

• Toleo hili litapewa masahihisho hadi lini?

• Ukisafiri, nani mwingine hapa Dodoma anaweza kulitengeneza?

• Nywila na nakala za akiba atakaa nazo nani?

• Umeme ukikatika, mtambo na ruta vitadumu kwa betri saa ngapi?

Majibu yawe kwa maandishi. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha masomo ya kompyuta, hivyo kumtafuta fundi wa pili si lazima kuanzie Dar es Salaam. Asipopatikana, ni heri kusubiri. Kwa ofisi ya watu wawili, simu moja ya ofisi inayokabidhiwa kwa aliye zamu inatosha.

Kwa upande wake, mzazi asingoje dharura. Siku ya kliniki aulize: "Usiku nani anapokea namba hii?" Pia ahifadhi 199 ya Wizara ya Afya na 115 ya m-mama, inayopanga usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Zote ni bure.

Na usiku simu isipopokelewa, asisubiri kupambazuke. Mtoto apelekwe kituo cha afya kilicho wazi.