Nilicheza Final Fantasy VII Matiliku hadi mwisho, nikakumbuka lori za mchanga

Tahadhari kwanza: nitafichua hadithi. Gemu yenyewe ina umri kunizidi, kwa hivyo usije ukanitumia matusi.

Kama unaijua Final Fantasy VII kwa zile mpya tu, ya 2020 na ile ya 2024, unajua gemu yenye picha kali kama sinema, inayotaka mashine ya bei ya ng'ombe. Mimi nakuletea mama yao, ile iliyotoka Japani Januari 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, CD tatu nzima. Wahusika hawana midomo, na mikono yao imevimba kama chupa za soda. Dakika kumi za kwanza utacheka. Baada ya hapo utasahau kucheka.

Niliicheza kwa simu, kwa susu, Matiliku. Kama hupajui, ni Makueni: unashuka Emali kwenye barabara ya Mombasa, unabanana kwenye Probox, unakula vumbi kidogo, umefika. Nilienda kukaa wiki mbili nikakaa miezi miwili. Mambo ya kodi ya Nairobi unayajua, tusiumizane.

Uzuri wa gemu hii ni kwamba ikishaingia kwenye simu haikuombi bando. Inataka chaji tu. Susu ana sola ndogo ya taa tatu na pa kuchomekea simu. Mchana jua linafanya kazi yake, usiku nami nafanya yangu.

Sasa sikiza hadithi. Kuna jiji linaitwa Midgar, na kuna kampuni inaitwa Shinra. Shinra imegundua kwamba uhai wa sayari, ule unaotiririka chini ya ardhi, unaweza kuvutwa juu na kugeuzwa stima. Wanauita Mako. Mitambo minane imezunguka jiji, inavuta usiku na mchana. Wenye pesa wanaishi juu ya sahani kubwa ya chuma, mita 50 hivi kutoka ardhini. Wengine wote wako chini yake, kwenye mabanda, mahali ambapo jua ni hadithi ya wazee.

Wewe ni Cloud, kijana mwenye upanga mrefu kumzidi na madharau ya kumtosha. Umekodiwa kwa gil 1,500 usaidie kulipua mtambo mmoja. Aliyekukodi ni Barret, jamaa mkubwa mweusi mwenye bunduki pale ambapo mkono wa kulia ulikuwa. Barret anapiga kelele kuhusu sayari inayokufa. Cloud anataka pesa yake tu. Ukweli? Mwanzoni mimi nilikuwa upande wa Cloud.

Kidokezo cha bure: ndani ya mtambo utakutana na nge wa chuma, adui wako mkubwa wa kwanza. Maandishi ya Kiingereza yanasomeka kana kwamba yanakuambia umshambulie akiinua mkia. Usithubutu! Akiinua mkia ndipo anapokurudishia na leza. Tafsiri ya 1997 ilifanywa mbiombio na ina makosa hadi ya sarufi. Nilikufa mara mbili kwa kumwamini mtafsiri.

Vita vyenyewe ni vya kupokezana: unasubiri zamu yako ijae, unachagua pigo, uchawi au dawa. Uchawi unatoka kwenye vijiwe vinavyoitwa Materia, unavipachika kwenye silaha na vinakua kadiri unavyopigana. Toleo la simu lina kitufe cha kuzima maadui wa njiani na kingine cha kukujaza nguvu hadi pomoni. Niliviacha. Ukivitumia utamaliza mapema, lakini utakuwa umetazama tu. Ukitaka kucheza kweli, tenga saa 40 au zaidi.

Kilima mbele ya macho

Saa tano, sita za mwanzo uko Midgar tu. Unadhani gemu ni hilo jiji. Halafu unatoka nje ya ukuta, na ghafla Cloud ni kitu kidogo sana kwenye uwanja wa kijani, milima kule, bahari kule, na hakuna anayekuambia uende wapi. Kumbe jiji lililokusumbua muda wote huo lilikuwa kona moja tu ya ramani.

Usiku huo nilitoka nje kunyoosha miguu. Mwezi ulikuwa juu, na kilima cha Nzaui kilikuwa kimesimama pale kinaposimama siku zote. Wakamba tuna masimulizi kwamba Mulungu aliwaweka mume na mke wa kwanza kwenye mwamba wa Nzaui, na nyayo zao na za mifugo yao bado huonyeshwa kwenye jiwe. Nimekuja likizo hapa tangu nikiwa mtoto, na kilima hicho kilikuwa kwangu alama tu ya kwamba karibu tunafika. Sijawahi kukipanda. Kwenye simu nilikuwa nimeingia kila pango la nchi isiyokuwepo.

Corel

Baadaye mnafika Corel, na hapa ndipo gemu iliponishika koo.

Corel ni kijijini kwa Barret. Unaingia naye na watu wa kwao wenyewe wanampiga makofi, naye hajibu. Hakuna nyumba, ni mahema na mabaki. Halafu anasimulia. Corel ilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, maskini lakini kimetulia. Shinra wakaja wakitaka kujenga mtambo. Wakafanya kikao. Mmoja tu alikataa, rafiki yake Barret anayeitwa Dyne. Na aliyebishana naye, aliyesema makaa yamepitwa na wakati na watoto wanahitaji maisha bora, alikuwa Barret mwenyewe. Mtambo ukajengwa. Siku moja ukalipuka, Shinra wakawalaumu wanakijiji na kukichoma kijiji. Mke wa Barret alikufa humo. Mkono wake ulienda siku hiyo, Dyne naye akapoteza wake. Mtoto mdogo ambaye Barret anamlea Midgar ni wa Dyne.

Kwa hivyo zile kelele zote za mwanzo kuhusu sayari zilitoka kwa mtu aliyewahi kusema ndiyo.

Niliweka simu chini. Nje ya nyumba ya susu, chini kidogo, kuna mto wa msimu. Mito yetu ya Ukambani mingi iko hivyo: mvua ikinyesha inashuka kwa kishindo, mvua ikikatika unaona mchanga tu. Lakini mchanga ndio tangi. Maji yanakaa katikati ya chembe zake, jua haliyafikii, na wakati wa kiangazi unachimba shimo na kuchota. Ukiuondoa mchanga, mvua inayofuata inapita tu kama mgeni. Susu anasema zamani ulichimba kwa kibuyu ukapata maji. Pale chini kwake leo ukichimba unagonga mwamba.

Mchanga ulienda wapi? Wewe unayesoma hii kwenye ghorofa ya nne huko Kitengela au Mlolongo, huenda umeuegemea. Miaka mingi lori zilikuja usiku Makueni na kaunti jirani, vijana wakapakia kwa koleo, asubuhi mzigo uko Nairobi. Watu waligombana, wengine wakauawa kwa ajili ya mchanga. Mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria ya kuuhifadhi na kuunda mamlaka ya kuusimamia.

Na mjomba wangu alikuwa mmoja wa wale vijana wa koleo. Najua kwa sababu pesa ile ililipa karo yangu ya chuo. Muhula wa kwanza ulikuwa mchanga, wa pili mchanga, wa tatu mchanga. Wa nne nikaacha chuo, kwa sababu ambazo wakati ule niliziona kubwa. Hakuna aliyenigombeza. Mjomba alisema tu, "Haya, sasa unafanya nini?" Na bado sijamjibu vizuri.

Siku hizi anaendesha boda. Jioni moja alinikuta kwenye kiti cha nje nimeinamia simu, akauliza huyo mwenye bunduki mkononi ni nani. Nikamsimulia Corel yote. Alisikiliza hadi mwisho, kofia magotini.

"Kwani alikosea wapi?" akauliza. "Walimwahidi kazi."

"Lakini Mjomba, mwenzake alikataa."

"Na huyo mwenzake aliyekataa, watoto wake walikuwa wanakula nini?"

Sikuwa na jibu, na gemu haina pia. Dyne aliyekataa anaishia gerezani jangwani, chini ya bustani kubwa ya starehe, akili imeharibika, na anajirusha kwenye genge. Hakuna anayepewa zawadi kwa kuwa sahihi. Nilimwambia hivyo. Mjomba akavaa kofia yake. "Basi wote walipoteza," akasema, akaenda kuwasha pikipiki.

Yule msichana, na lile treni

Lazima nimtaje Aerith. Ni msichana wa maua, mchangamfu, utampachika Materia zako nzuri na kumkuza kwa masaa. Mwisho wa CD ya kwanza anauawa mbele yako. Kwenye gemu hii kuna dawa ya kufufua, nilikuwa nazo nyingi begini. Haimfanyii kazi. Hironobu Sakaguchi, baba wa Final Fantasy, alifiwa na mama yake wakati akitengeneza gemu ya awali, na tangu hapo swali la uhai unaenda wapi mtu akifa halikumwacha. Miaka mingi baadaye, 2024, Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau kutokana na msiba wa baba yake, na hiyo unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Ya 1997 haina bahati hiyo, lakini kilio hakihitaji mtafsiri.

Ila kilichonitoa machozi mimi ni treni. CD ya pili mnarudi Corel. Shinra wameiba kijiwe kikubwa cha Materia kutoka mtamboni, wamekipakia kwenye treni, na treni hilo linaelekea kuwagonga wale wa mahemani. Una dakika kumi za kupigana juu ya mabehewa na kulisimamisha. Ukishindwa, linaingia kijijini. Mimi nilishindwa mara ya kwanza. Nikarudi nilipohifadhi, nikajaribu tena. Ukifaulu, wale waliompiga Barret makofi wanatoka na kukushukuru. Mkono haurudi, wala mke, wala nyumba. Lakini treni limesimama.

Nilielewa kwa nini Jumamosi mjomba huacha boda na kwenda mtoni. Kikundi cha huko kinajenga bwawa la mchanga: ukuta wa mawe unakatiza mto, mvua zinakuja na mchanga unajikusanya nyuma yake msimu baada ya msimu, pamoja na maji. Ukambani kuna mabwawa mengi ya aina hiyo. Jumamosi mbili nilienda kubeba mawe. Mikono ya kubonyeza simu ilitoka malengelenge, akina mama wakanicheka hadi basi. Ukuta wenyewe unajengwa kwa saruji na, ngoja ucheke, mchanga.

Gemu niliimaliza usiku wa manane, chaji asilimia sita. Sitakuambia vita vya mwisho. Nitakuambia tu kwamba baada ya majina yote kupita, usizime. Kuna kipande kidogo, miaka 500 baadaye, kinachoonyesha Midgar. Kitazame.

Mjomba naye ameanza yake, nimempa nafasi ya pili ya kuhifadhi kwenye simu yangu. Anacheza baada ya chakula, miwani puani, anasoma kila neno kwa sauti. Jana alikwama kwa yule nge.

"Wanasema nimpige akiinua mkia," akaniambia.

Nimenyamaza. Acha ajifunze mwenyewe.