Anwani katika Shughuli za Hataza: Istilahi Zisizofaa Kuchanganywa

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kazi ya kufasiri sheria na kanuni imeongezeka, na pamoja nayo kazi ya kufasiri fomu. Wafasiri wengi huidharau fomu. Huiona kuwa ni kazi ya karani, ilhali mwananchi hukutana na fomu kabla hajaiona sheria yenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia mstari mmoja tu wa fomu ya maombi ya hataza, nao ni mstari wa anwani.

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine, kwa muda maalumu, kutengeneza au kuuza kitu alichokivumbua bila idhini yake. Kwa Tanzania Bara, shughuli hii husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1987 na kuanza kutumika mwaka 1994. Baina ya siku ya kupeleka ombi na siku ya kupewa hataza, barua nyingi hupita: za kudai marekebisho, za kudai ada, za kueleza pingamizi. Barua hizo huja na muda wa kujibu. Muda ukipita bila jibu, ombi laweza kuhesabiwa kuwa limeachwa, hata kama uvumbuzi wenyewe ni mzuri kiasi gani.

Tuchukue mfano wa fundi wa Chunyu, huko Ruangwa, aliyebuni chombo cha kubangulia korosho. Nyumba yake huenda ikawa na namba iliyobandikwa katika kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Barua zake, hata hivyo, haziletwi mlangoni. Huishia katika sanduku la posta, na mara nyingi sanduku hilo ni la shule au la chama cha msingi cha ushirika. Mahali anapolala ni pamoja, mahali barua inapotua ni pengine. Akikutana na fomu yenye neno “Anwani” pekee, aandike ipi?

Mkataba wa Sheria ya Hataza uliopitishwa Geneva mwaka 2000 unatofautisha jambo hili vizuri. Unaziruhusu ofisi za nchi wanachama kumtaka mwombaji aonyeshe anwani ya kuandikiana naye, na tena anwani ya kufikishiwa hati za kisheria, mbali na anwani nyinginezo. Kwa anwani ya kwanza hatuna ugomvi: “anwani ya mawasiliano” imekwisha kuzoeleka, nayo inabeba barua ya posta na barua pepe sawasawa. Taabu iko katika ile ya pili.

Tumewahi kuona rasimu zilizoiita “anwani ya huduma”. Asili ya kosa hili ni kwamba neno moja la Kiingereza hutumika kwa huduma na pia kwa kitendo cha kumfikishia mtu hati ya wito au ya madai. Mfasiri akakimbilia maana aliyoizoea. Matokeo yake ni kwamba fundi wetu, asomapo “anwani ya huduma”, ataandika mahali anapofanyia kazi, au hata anwani ya ofisi inayomhudumia. Wala hatawezi kulaumiwa, kwa kuwa Kiswahili alichosoma ndivyo kisemavyo.

Katika majadiliano, wengine hupendekeza “anwani ya kupokelea hati”. Ni afadhali, lakini kupokea ni kitendo cha mtu. Sheria za namna hii kwa kawaida hazingoji hati ishikwe mkononi. Hutosheka ikifika mahali palipotajwa. Hata Kanuni za Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa 1970, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999, huanza kuhesabu muda kutokana na tarehe iliyoandikwa juu ya barua ya ofisi. Mwombaji akithibitisha kuwa barua ilimfikia baada ya siku 7 kupita tangu tarehe hiyo, ndipo huongezewa zile siku zilizozidi 7. Kwa hiyo sisi twapendelea “anwani ya kufikishiwa hati”. Kauli hiyo yaonyesha kuwa kuna anayefikisha na kuna anayefikishiwa, na kwamba wa pili hana hiari ya kusema hakwenda kufungua sanduku.

Neno jingine la kuangaliwa ni “wakala”. Mwombaji anaruhusiwa kutumia mtu wa kumsimamia, na fomu humtaka ataje anwani ya mtu huyo. Ikiandikwa “anwani ya wakala” katika fomu ya taasisi ambayo yenyewe jina lake ni Wakala, mwombaji aweza kudhani kuwa anaulizwa habari za ofisi hiyo. “Mwakilishi wa mwombaji” ni refu zaidi, lakini halina utata huo.

Kuhusu tahajia, “anwani” ndiyo tunayoitumia, si “anuani”. Aidha, neno hili lina maana ya pili ya jina la kitabu au la maandishi, na fomu ya hataza hudai pia jina la uvumbuzi. Kwa ajili hiyo mfasiri asiandike “anwani ya uvumbuzi”. Aandike “jina la uvumbuzi”.

Limebaki suala la mabadiliko. Mwaka 1971 Mkoa wa Lindi ulipotengwa na Mtwara, watu wa Nachingwea walibadilishiwa mkoa bila kuhama nyumba. Mwingine huhama nyumba lakini sanduku likabaki lile lile. Fomu inayosema “taarifa ya kuhama” haimhusu wa kwanza, na yaweza kumsumbua wa pili bure. Iitwe “taarifa ya mabadiliko ya anwani”, na chini yake mwombaji aulizwe ni ipi iliyobadilika: ya makazi, ya mawasiliano, au ya kufikishiwa hati.